Kichwa cha Mtoto si Jiwe

Liko neno moja lisemwalo katika vijiji vyetu kila siku, wala hakuna alionaye kuwa baya. Neno hilo ni hili: "Mtoto huyu kichwa chake ni jiwe." Mzazi hulisema mwanawe aletapo taarifa ya shule yenye alama chache. Mwalimu hulisema mbele ya darasa zima, na watoto wengine wakacheka. Hata mzee wa kanisa, mtu mwema mwenye kuheshimiwa, hulisema kwa upole, kisha huongeza, "Mwacheni, ndivyo Mungu alivyomwumba." Hapo shauri limekwisha. Mtoto hutolewa shuleni akachunge mbuzi, au huachwa nyuma ya darasa asinzie mpaka mwaka uishe.

Sisi twalipinga neno hilo, na leo twataka kulipinga waziwazi, kwa kuwa twaliona ni uongo, tena uongo wenye madhara. Ni uongo juu ya kichwa, na ni uongo juu ya mtoto. Na likisemwa kwa jina la Mungu, ni kumsingizia Muumba makosa ambayo mara nyingi ni yetu wenyewe.

Yafaa tuanze kwa kukiri. Sisi tuandikao haya tulikuwa na mtoto mmoja darasani ambaye kwa mwaka mzima tulimwita mzito. Akiulizwa neno, hajibu. Akitumwa chaki, huleta kitabu. Tuliandika katika taarifa yake kwamba hana bidii wala akili. Hata siku moja mama mmoja jirani yao, asiyejua kusoma, akatuambia, "Mwalimu, mtoto huyu masikio yake yanatoka usaha tangu alipokuwa mdogo. Sema naye akikutazama mdomo, utaona." Tukafanya hivyo, na mtoto akajibu. Akili yake ilikuwapo siku zote, ila mlango ulikuwa umezibwa, na sisi tuliopewa kazi ya kubisha hodi hatukuutazama mlango. Twaona haya mpaka leo.

Sasa twawakumbusha jambo la zamani. Katika miaka ya 1930 walikuwapo Nairobi madaktari wawili, H. L. Gordon, wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, na F. W. Vint, wa maabara ya serikali. Vint alipima bongo za Waafrika waliofia hospitalini, na mwaka 1934 akachapisha habari zake, akisema kwamba ubongo wa Mwafrika wa Kenya ni mwepesi kuliko wa Mzungu kwa karibu sehemu moja katika kumi, tena kwamba chembe za ganda lake la juu hazikukua vema. Gordon naye alitia shaka kama watu wenye bongo za namna hiyo wafaa kupewa elimu kama ya Wazungu. Wako wataalamu wenzao waliowapinga wakati uleule, na leo hakuna mwenye elimu ya kweli anayeyashika maneno yao. Waliwapima watu waliouawa na maradhi, wakawafanya kuwa kipimo cha taifa zima. Wala hawakujishughulisha kuuliza kwa makini kama njaa na homa za utotoni zaweza kupunguza ubongo.

Tukisoma habari hizo twaghadhibika, na ni haki yetu. Lakini hebu na tujiulize, maneno yao yana tofauti gani na yetu? Wao walisema, "Kichwa cha Mwafrika kimeumbwa hivi, kumfundisha ni kazi bure." Sisi twamtazama mtoto wa jirani, au mtoto wetu wenyewe, na twasema, "Kichwa chake kimeumbwa hivi, kumfundisha ni kazi bure." Tofauti ni kwamba wao walikuwa na mizani, nasi hatuna hata mizani.

Tena mizani yenyewe haisemi kweli. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa gramu 1,300 au 1,400 hivi. Ivan Turgenev, mwandishi mashuhuri wa Urusi aliyekufa mwaka 1883, ubongo wake ulipimwa ukaonekana unapita gramu 2,000. Anatole France, mwandishi wa Ufaransa aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1921, alikufa mwaka 1924, na ubongo wake ulikuwa gramu 1,000 na kidogo tu. Wote wawili ni waandishi wakubwa, na mmoja ana ubongo mara mbili ya mwenzake. Albert Einstein, aliyekufa mwaka 1955, ambaye ulimwengu wote wamtaja kwa akili, ubongo wake ulikuwa gramu 1,230, chini ya kadiri ya kawaida. Na kama akili ingekuwa ni uzito, ndovu angetufundisha sisi hesabu, maana ubongo wake ni mara tatu ya wetu na zaidi.

Basi tusipotazama uzito, tutazame nini? Tutazame jinsi ulivyojengwa. Ubongo umejengwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo chembe za fahamu, nazo zina nyuzi ndefu zipelekazo habari kutoka chembe hata chembe. Suzana Herculano-Houzel wa Brazil na wenzake walizihesabu mwaka 2009, wakaona kwamba mtu ana chembe kama hizo milioni elfu 86. Baadaye wakahesabu za ndovu, wakakuta amempita mtu mara tatu. Lakini karibu zote ziko katika ubongo wa nyuma, ule uongozao mwendo wa mwili. Katika ganda la juu, lile tulitumialo kwa kuwaza na kusema, ndovu ana chembe milioni elfu 5 na nusu hivi, na mtu ana milioni elfu 16. Kwa hiyo jambo kubwa ni mpango, yaani chembe zimekaa wapi, na zimeunganishwa na nani.

Ya kwamba kila sehemu ina kazi yake, Paul Broca wa Paris alionyesha tangu mwaka 1861. Alikuwa na mgonjwa aliyeelewa maneno ya watu, lakini yeye mwenyewe aliweza kutamka silabi moja tu. Mtu yule alipokufa, Broca aliutazama ubongo wake akakuta sehemu ya mbele, upande wa kushoto, imeharibika. Hakika hiyo ilikuwa kazi njema. Lakini Broca huyohuyo alitumia miaka mingi kupima mafuvu ili ayapange mataifa madaraja. Twajifunza hapa kwamba hata bingwa aweza kuona vema kwa jicho moja, na lingine likawa limefumbwa na kiburi.

Sasa sikilizeni jinsi nyumba hiyo ijengwavyo, maana hapa ndipo kosa letu lionekanapo. Mwanzoni, tumboni mwa mama, ubongo ni kama jani dogo bapa. Jani hilo hujikunja likawa mfereji, na mfereji hujifunga ukawa bomba. Kazi hiyo yote huisha yapata siku ya 28 tangu mimba kutungwa, siku ambayo wanawake wengi hawajajua kuwa wana mimba. Bomba lisipofungwa vema, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, au ubongo wake haukamiliki. Sababu yake si moja, lakini mojawapo ni upungufu wa foliki katika damu ya mama, kitu kipatikanacho katika mboga za majani na maharage, na katika vidonge vya kliniki.

Mtoto azaliwapo, ubongo wake ni kama robo ya ubongo wa mtu mzima. Atimizapo miaka miwili, umefikia robo tatu na zaidi. Afikapo miaka sita, umekaribia sehemu tisa katika kumi. Mama zetu wanajua utosi wa mtoto mchanga unavyochezacheza. Ule si ugonjwa. Ni Mungu aliyeiacha mifupa ya fuvu wazi ili ubongo upate nafasi ya kukua. Jiwe halikui, ndugu zangu. Kichwa cha mtoto kimeachiwa mlango hata utosini ili kikue, nasi twakiita jiwe!

Tena ukubwa si kitu peke yake. Mtoto huzaliwa na karibu chembe zake zote za fahamu, lakini viungo baina yao bado ni vichache. Katika miaka ya kwanza viungo hivyo huchipuka kwa wingi, hata hupita kiasi, kisha vile vitumikavyo hubaki na kupata nguvu, na visivyotumika hufifia. Ni kama njia ya kwenda kisimani. Watu wakipita kila siku, njia hukaa wazi, wasipopita msimu mmoja, majani huifunika, na aliyekuja mgeni husema, "Hapa hapakuwa na njia." Na zile nyuzi zitumikazo hupakwa mafuta kama waya uliofunikwa vizuri, na habari hupita kwa haraka kuliko kwanza.

David Hubel na Torsten Wiesel, wataalamu waliokuwa Marekani, walilithibitisha jambo hilo katika miaka ya 1960, nao wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 1981. Walilifunga jicho moja la paka mchanga kwa majuma kadhaa, kisha wakalifungua. Jicho lenyewe lilikuwa zima, halina kasoro. Lakini paka hakuona kwalo, maana katika ubongo jicho la pili lilikuwa limechukua nafasi yote. Paka mkubwa akifungwa jicho vivyo hivyo, hapatwi na hasara ile. Ndiyo maana mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho hana budi kupelekwa hospitalini mapema. Ukingoja akue, jicho litatengenezwa, lakini ubongo utakuwa umekwisha sahau kazi yake.

Basi, wazee wetu hawakukosa waliposema kwamba udongo huwahiwa ungali maji. Sisi ndio tuliokosa, kwa kuuacha udongo ukauke, kisha tukaulaumu kwa ugumu wake.

Natuhesabu makosa yetu bila kufichana. La kwanza ni chakula. Ubongo wa mtu mzima ni kama sehemu mbili tu katika mia za mwili wake, lakini hula sehemu moja katika tano ya nguvu zake zote. Wa mtoto mdogo hula zaidi ya theluthi. Nasi twafanyaje? Kuku akitaga, yai ni la baba au la sokoni. Mtoto wa mwaka mmoja hupewa uji mwepesi mchana na usiku, uji ambao waweza kuona kiganja chako ndani yake. Akifika shule na kusinzia, twasema hana akili.

La pili ni chumvi. Katika nchi za milimani, mathalani nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, udongo umekosa madini joto, na zamani watu wengi walikuwa na rovu shingoni. Rovu huonekana, lakini hasara kubwa zaidi haionekani, kwa kuwa mama akikosa madini joto, ubongo wa mtoto tumboni haupati kujengwa sawasawa. Dawa yake ni chumvi iliyotiwa madini joto, nayo huuzwa madukani. Hata hivyo wako wanaonunua ya mafungu isiyotiwa kitu, kwa kuwa imepungua bei kidogo. Hivyo mtu hupunguza akili ya mwanawe ili apate akiba ya senti chache.

La tatu ni homa. Malaria ikipanda kichwani, vijidudu vyake huziba mishipa midogo ya damu katika ubongo. Mtoto huingia degedege. Wako Wakristo miongoni mwetu, waliobatizwa na kukiri imani, ambao saa hiyo humwita mtu wa kupunga pepo, na hospitali hukumbukwa kesho yake. Mtoto akipona, wakati mwingine hubaki na kasoro ya kusema, au ya kukumbuka, au hushikwa na kifafa. Kisha kasoro hiyo huitwa umbile lake!

La nne ni mkono wetu. Ubongo ni laini kama maziwa yaliyoganda, nao umeogelea katika maji ndani ya fuvu. Ukimpiga mtoto kichwani, au ukimtikisa mtoto mchanga kwa hasira, ubongo huyumba ukajigonga mfupani, na nyuzi zake zaweza kukatika. Walimu wenzetu, mikono yetu imezoea kofi la kisogoni na konzi ya utosini. Twasema twaamsha akili. Je, fundi wa saa huitengeneza saa kwa kuipiga nyundo?

La tano ni ukimya. Katika nchi ya Romania, utawala wa Ceaușescu ulipoanguka mwaka 1989, walionekana watoto maelfu na maelfu katika nyumba za kulelea watoto. Walikuwa wakilishwa na kuvikwa, lakini hakuna aliyewabeba, hakuna aliyesema nao wala kuwachekea. Utafiti ulioanza Bucharest mwaka 2000 ulionyesha kwamba ukimya ule uliharibu hata ujenzi wa ubongo wenyewe. Waliotolewa wakapewa walezi, hasa kabla ya kutimiza miaka miwili, walipata nafuu kubwa kuliko waliokawia. Sisi twajisifu kwamba kwetu mtoto hakosi mgongo wa kubebwa, na ni kweli, tushukuru. Lakini ni baba wangapi wasemao na watoto wao neno lisilo amri? "Lete maji. Ondoka hapa. Nyamaza." Hayo ndiyo mazungumzo ya nyumba nyingi tuzijuazo.

Tunajua tutakayojibiwa. Wa kwanza atasema, "Mbona sisi tulipigwa, na tulikula uji huohuo, na tumesoma?" Naam, nanyi mmesoma. Lakini walio keti nanyi dawati moja wako wapi? Aliyevuka mto wenye mamba husimulia habari za mto, aliyeliwa hasimulii. Msiwahesabu waliovuka peke yao.

Wa pili atasema, "Je, mwataka kutuambia kwamba watoto wote ni sawa?" La, hatusemi hivyo. Wako wazaliwao na kasoro ambayo hakuna mzazi aliyeisababisha, na ni dhambi kumlaumu mama yake. Wako wepesi na wako wa pole. Wazee walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Lakini angalieni mithali ile: haisemi kwamba wako wenye upara tangu kuzaliwa. Mtumwa yule aliyepewa talanta moja hakuhukumiwa kwa kuwa alipewa moja, bali kwa kuwa aliizika. Na talanta ya mtoto, mara nyingi, wanaoizika ni wakubwa wake.

Wa tatu ataona mashaka ya imani, aseme, "Mkisema akili imo katika nyama na nyuzi, mwaiacha roho wapi?" Ndugu, mpiga kinanda si kinanda, lakini kinanda kikivunjwa funguo, hata mpigaji hodari hatatoa wimbo. Hatuidharau roho tukitunza chombo chake. Aidharauye ni yule aonaye chombo kikivunjika, naye akasema ni mapenzi ya Mungu.

Wa nne ndiye twamhurumia zaidi. Husema kwa sauti ndogo, "Wangu amekwisha kua. Nimechelewa." La hasha, usikate tamaa. Kweli, msingi hujengwa mapema, na mambo mengine yakipita hayarudi. Lakini sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupima mambo na kujizuia, huendelea kukomaa mpaka mtu apitapo miaka ishirini. Na mwaka 2010 Stanislas Dehaene na wenzake walichapisha habari za watu wa Brazil na Ureno, wengine wasiojua kusoma, na wengine waliojifunza kusoma wakiwa watu wazima. Walikuta kwamba kusoma kunaubadili ubongo hata wa mtu aliyeanza ukubwani. Basi, nyanya yetu ashikaye kitabu katika darasa la ngumbaru, akifuata herufi kwa kidole, anafungua njia mpya kichwani mwake saa ileile. Ikiwa yeye aweza, mtoto wa miaka kumi atashindwaje?

Kwa hiyo twaomba mambo machache, wala si ya fedha nyingi. Mwanamke apate mboga na maharage na kliniki, tena mapema. Chumvi ya nyumbani iwe yenye madini joto. Mtoto alale ndani ya chandarua, na akishikwa na homa apelekwe hospitalini siku ileile. Yai moja katika kila matatu liwe la mtoto. Mkono wa mtu usiguse kichwa cha mtoto ila kwa kumbariki. Na kabla mwalimu hajaandika kwamba mtoto hana akili, kwanza amtazame macho, amsikilize masikio, amwulize alikula nini asubuhi.

Na lile neno la jiwe tulizike. Wale wa Nairobi walilisema juu yetu sote, tukalikataa. Basi tusilisikie tena likitoka vinywani mwetu, juu ya watoto tuliowazaa wenyewe.